Homa iliyopanda jahazi Unguja, na mapipa ya Lodwar

Mwaka 2023 watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, walithibitisha kwamba Anopheles stephensi, mbu mgeni kutoka Asia, amefika kaunti za Marsabit na Turkana. Huyu hueneza malaria, ila hana tabia za mbu wa malaria tuliyemzoea. Hasubiri mto Turkwel ufurike. Pipa la maji nyuma ya nyumba linamtosha. Ndivyo alivyo pia Aedes aegypti, mbu wa homa ya dengi. Basi hapa Turkana, toka Lodwar hadi Kakuma, na magharibi hadi Lokiriama, kuna haja ya kujua homa hii ya dengi ilikotoka.

Shahidi mkuu ni James Christie, daktari Mskoti aliyekuwa Unguja. Kipindupindu cha 1869 na 1870 kilikuwa kimeua watu kwa maelfu. Kabla mji haujapumua, ikazuka homa ya ghafla, yenye upele na maumivu ya viungo yaliyomfanya mtu mzima atembee kama aliyepigwa. Christie aliiona kama kitu kipya. Wazee wa Unguja wakamwambia wanaijua: ni kidingapopo, na ilikwisha kupita enzi za utoto wao, yapata 1823. Bila kumbukumbu yao daktari asingekuwa na historia ya kuandika. Kisha akafuatilia njia ya vyombo vya baharini: Unguja, Aden, na kufikia 1871 na 1872 homa ilikuwa India. Hakujua habari za mbu, lakini aling'amua kwamba maradhi haya yana nauli.

Kwa karibu miaka 100 homa ile ilihesabiwa kuwa dengi. Mwaka 1971 Mmarekani Donald Carey akaja na pingamizi. Alisoma upya maelezo ya Christie na wenzake, akaona yale maumivu ya viungo yanayong'ang'ania hata baada ya homa kwisha, akasema: hii si dengi, ni chikungunya. Ugonjwa huo ulikuwa umetambuliwa katika mlipuko wa 1952 huko Umakonde, kusini mwa Tanganyika, na ndiko ulikopata jina lake. Wapo wanaoendelea kubishana. Mimi naona Carey ana hoja nzito, ingawa kwa mwenye pipa lisilofunikwa ushindi wake haubadilishi kitu: virusi vyote viwili hubebwa na Aedes aegypti.

Thomas Bancroft wa Australia alimshuku mbu huyo mwaka 1906, na Wajapani wakavipata virusi vya dengi mwaka 1943. Kwetu Kenya mlipuko wa kwanza kuandikwa ulikuwa Malindi, 1982. Mombasa ikaugua 2013. Lakini anayesema Turkana ni kukavu mno kwa dengi aanze na Mandera, iliyougua 2011. Mandera nako ni kukavu, na ukavu ndio unaowafanya watu wahifadhi maji.

Hapa kwetu kila homa huitwa malaria. Kipimo kikikana, mgonjwa hupewa dawa za malaria vivyo hivyo, au huambiwa ni taifodi. Tangu Kakuma ifunguliwe kwa wakimbizi mwaka 1992, na sasa barabara ya Kitale hadi mpaka wa Sudan Kusini ikipitisha malori usiku na mchana, kutopima dengi ni uzembe ambao Christie, aliyefuatilia njia ya vyombo vya baharini, angeushangaa.

Kinga yenyewe haingoji bajeti ya kaunti. Aedes huuma mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku kimfunike pia mtoto akilala adhuhuri. Anayeshukiwa kuwa na dengi anywe maji kwa wingi na atumie paracetamol, asiguse aspirini wala ibuprofen, maana huzidisha hatari ya kuvuja damu. Akitapika mfululizo, akiumwa tumbo sana au kutoka damu, apelekwe hospitali, hata kama homa imeshuka. Mara nyingi hatari huja hapo. Na kumwaga maji ya pipa hakutoshi. Mayai hugandamana ukutani juu ya maji na huweza kukaa miezi makavu bila kufa, kwa hiyo pipa lisuguliwe ndani kwa brashi kila wiki, kisha lifunikwe.