Mwingereza wa Muthaiga na Mpaka wa Namanga

Pembeni mwa mifereji ya Daraja Mbili, Arusha, kuna jani linalotambaa, lenye vifundo vya karibukaribu, ambalo ukiling'oa linakuja na bonge la udongo. Wenyewe tunaliita kikuyu. Ng'ombe wa ndani huko juu Meru wanalipenda, na mama akitaka kuzuia mmomonyoko kwenye ua wake hulichomeka vipandevipande, akasahau. Baada ya masika mbili limeshafika mlangoni kwa jirani. Ni jani la nyanda za juu za Afrika Mashariki, na wakulima wa Australia na California wamelichukua na kulijutia kwa kiasi kilekile walichofaidi.

Jani hilohilo ndilo lililotandikwa kwenye viwanja vya gofu vya Muthaiga, Nairobi. Likikatwa fupi, mpira hukaa juu yake kama uko kwenye kiganja cha mkono. Likiachwa likue kidogo tu, hushika shingo ya fimbo na kuizungusha mkononi mwa mpigaji. Mzungu aliyezoea nyasi laini za kwao ilimbidi ajifunze upya. Tena ajifunze na hewa: Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na mpira huruka mbali kuliko hesabu aliyokuja nayo kutoka pwani ya Uingereza.

Aliyejifunza haraka kuliko wenzake alikuwa Maurice Bembridge.

Alizaliwa Februari 1945 Worksop, mji wa wachimba makaa ya mawe katika Nottinghamshire. Ni mji mdogo ambao kwa namna fulani ulikuja pia kumtoa Lee Westwood, aliyeshika namba moja duniani mwaka 2010. Bembridge aliingia kwenye gofu ya kulipwa mwaka 1960, akiwa na miaka 15. Msomaji wa leo akisikia "gofu ya kulipwa" huona ndege binafsi na mikataba ya mamilioni. Mwaka 1960 mchezaji wa kulipwa wa Uingereza alikuwa, kwanza kabisa, fundi wa klabu. Alikuwa na kibanda chake pembeni ambako aliuza mipira na glovu, alikarabati fimbo, na aliwafundisha mawakili na madaktari wasiofundishika. Mashindano aliyacheza akipata nafasi. Na kumbukumbu ya ubaguzi wa matabaka haikuwa ya mbali. Mwaka 1920, kwenye Open ya Uingereza pale Deal, wachezaji wa kulipwa hawakuruhusiwa kubadilishia nguo ndani ya klabu. Mmarekani Walter Hagen akakodi gari la kifahari, akaliegesha mbele ya mlango na kuligeuza chumba chake cha kubadilishia. Wanachama walimezea.

Kwa hiyo aliyekuja Nairobi hakuwa bwana mkubwa. Alikuwa kijana wa kazi, anayetafuta fedha katika miezi ambayo viwanja vya kwao vimelala chini ya baridi.

Kenya Open ilianza mwaka 1967, hapo Muthaiga. Mshindi wa kwanza alikuwa Mwingereza mwingine, Guy Wolstenholme wa Leicester, ambaye mtoto wake Gary alikuja kumfunga Tiger Woods kwenye Walker Cup mwaka 1995, Tiger akiwa bado mchezaji wa ridhaa. Mwaka 1967 sisi wa Arusha tunaukumbuka kwa jambo jingine kabisa. Mwishoni mwa Januari mwaka huo Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa hapa mjini, na ukumbi wa Kaloleni, si mbali na Daraja Mbili, ndio sasa makumbusho ya Azimio la Arusha. Azimio likatangazwa tarehe 5 Februari: kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na hisa kwenye kampuni, asiwe na nyumba ya kupangisha. Kutoka Kaloleni hadi Muthaiga ni kama kilomita 270, barabara moja inayopita Namanga. Mwisho mmoja wa barabara, mabepari wanaambiwa zama zao zimekwisha. Mwisho wa pili, watu wanapanga fedha za zawadi kwa atakayeingiza kimpira shimoni kwa mikwaju michache. Sisemi nani alikuwa sahihi. Nasema tu kwamba barabara ilikuwa moja, na kwamba Desemba mwaka huohuo Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza kazi, makao makuu yake yakiwa Arusha.

Bembridge alishinda Muthaiga mwaka 1968, akiwa na miaka 23. Akarudi mwaka 1969, akashinda tena. Kwa asiyecheza gofu: hayo ni mashindano ya siku nne, mashimo 18 kila siku, jumla mashimo 72, baada ya siku ya pili wenye mikwaju mingi wanafungashiwa virago. Hakuna mpinzani wa kumkaba wala refa wa kumlaumu. Kushinda mara mbili mfululizo katika mchezo kama huo si bahati ya upepo.

Nyumbani mambo yakafunguka. Mwaka huohuo wa 1969 alichukua ubingwa wa mtoano wa wachezaji wa kulipwa wa Uingereza, akimshinda fainali Dai Rees, mzee wa miaka 56. Akaitwa kwenye timu ya Uingereza ya Ryder Cup iliyotoka sare ya 16 kwa 16 na Marekani, sare ya kwanza katika historia ya kombe hilo. Aliitwa tena 1971, 1973 na 1975. Pale Muirfield mwaka 1973, yeye na Brian Huggett waliwafunga Arnold Palmer na Jack Nicklaus wakicheza wawiliwawili. Hayo ni majina mawili ambayo hata asiyejua gofu ameyasikia redioni.

Lakini siku yake kubwa ilikuwa Aprili 1974, Augusta, Marekani, siku ya mwisho ya Masters. Mashimo tisa ya kwanza alitumia mikwaju 34. Mashimo tisa ya mwisho, yenye maji na miti inayowaliza watu kila mwaka, alitumia 30. Jumla 64, minane chini ya ile 72 ya uwanja. Aliifikia rekodi iliyowekwa na Lloyd Mangrum mwaka 1940, ambayo Nicklaus naye alikuwa ameifikia mwaka 1965. Hakuna aliyeivunja hadi Nick Price alipopiga 63 mwaka 1986. Ubingwa ulikwenda kwa Gary Player, Bembridge akamaliza katika nafasi ya tisa aliyogawana na wengine. Ndiyo gofu: unaweza kucheza siku moja vizuri sawa na binadamu yeyote aliyewahi kupita pale, ukarudi nyumbani na nafasi ya tisa.

Mwaka 1975 alishinda German Open, kisha ukaja ukame wa miaka minne bila taji kubwa Ulaya. Huku kwetu nako mambo yalikuwa yanaharibika kwa namna yake. Mwaka 1977 Jumuiya ilivunjika, na Februari mwaka huo Tanzania ikafunga mpaka na Kenya. Barabara ya Namanga ikafa. Basi Bembridge aliposhinda Kenya Open kwa mara ya tatu, mwaka 1979, mtu wa Arusha asingeweza kupanda gari asubuhi akamwone. Wala asingekuwa na nafasi ya kuwazia gofu: mwaka huo redio zote zilikuwa kwenye vita, Kagera na Kampala, na mafuta yalikuwa ya kuhesabu. Nairobi, iliyokuwa safari ya nusu siku, ikawa mbali kama London.

Mwaka huo Bembridge alishinda pia mashindano ya Benson & Hedges kwao Uingereza. Alikuwa na miaka 34. Muthaiga ilimpa alfajiri, na nadhani ndiyo iliyompa pia jioni njema.

Wengine waliopita njia hiyo wanajulikana zaidi kuliko yeye. Seve Ballesteros alishinda Kenya mwaka 1978, Ian Woosnam mwaka 1986, Trevor Immelman mwaka 2000, na wote watatu baadaye walivaa koti la kijani la mshindi wa Masters. Mkenya hajawahi kulibeba kombe la Kenya Open. Aliyelikaribia zaidi ni Jacob Okello, aliyefika mchujo wa mwisho mwaka 1998 na kufungwa na Ricardo González wa Argentina. Kwa Waafrika wengi wa zamani, mlango wa klabu ulikuwa wa kedi: unabeba mkoba, unatazama bwana anavyosimama, jioni unachonga fimbo ya mti nyuma ya uzio na kuigiza.

Mpaka ulifunguliwa mwaka 1983, na Kenya Open nayo ikaja ikavuka, ingawa kwa mzunguko. David Jones wa Ireland ya Kaskazini, mshindi wa Muthaiga mwaka 1989, ndiye aliyechora uwanja wa Kili Golf pale Usa River, mashimo 18, Meru ukiwa upande mmoja na, mawingu yakipisha, Kilimanjaro upande mwingine. Kutoka Daraja Mbili ni daladala mbili. Mjini kwenyewe kuna Gymkhana ya mashimo tisa, na Arusha hii ndiyo inayojivunia Madina Iddi, mwanamke wa gofu ya ridhaa aliyekwenda kutwaa mataji hadi nje ya nchi.

Mtazame kedi mzoefu mpira unapopotelea kwenye kikuyu. Hainami kuutafuta kwa macho. Anavuta unyayo taratibu juu ya jani, kama anayepapasa kitasa gizani, mpaka kiatu kigonge kitu kigumu. Hapo ndipo anasimama wima na kuinua mkono.