Kinga ya joto la ekzosi kwenye magari ya zamani (Kaskazini Mashariki mwa Kenya)

Kinga ya joto la ekzosi ni bati, kifungashio au nafasi ya hewa inayozuia joto la manifoldi na bomba la moshi lisifikie kabureta, pampu ya mafuta, nyaya na mabomba ya breki. Garissa, Wajir na Mandera, kaunti zilizokuwa Mkoa wa Kaskazini Mashariki hadi 2013, ni mahali inapohitajika sana. Mji wa Garissa uko mita 150 hivi tu juu ya bahari, na Februari na Machi joto la mchana hupita nyuzi 35 kivulini. Sehemu nyepesi za petroli huanza kuchemka karibu na hapo hapo.

Land Rover

Zinazotajwa zaidi ni Series II, IIA na III (1958–1985), gari la maofisa wa utawala na polisi. Kwenye injini yake ya petroli ya lita 2.25, manifoldi ya moshi na ile ya kabureta zimefungwa pamoja upande mmoja. Mpangilio huo unafaa asubuhi ya baridi Uingereza. Kwenye njia ya Wajir ni balaa. Toyota Land Cruiser FJ40 haikusalimika, wala Datsun 240Z, mshindi wa Safari Rally 1971 na 1973.

Gari likiwa mwendoni, feni na petroli mpya hupoza mambo. Taabu huja likizimwa. Maji hayazunguki tena, na joto la manifoldi hupanda juu likaichemsha petroli iliyo kwenye kabureta. Iliyo bombani hugeuka mvuke, na pampu iliyoundwa kusukuma kimiminika hupiga mapovu. Abiria wamekunywa chai, wamepanda. Stata inazunguka, injini haiwaki. Kwenye pampu yenye kikombe cha kioo mapovu huonekana kabisa. Fundi hufunika pampu kwa kitambaa kilicholowa, hungoja, kisha huchezesha kimkono cha pampu mpaka kikombe kijae.

Mbinu

Bati la alumini kati ya manifoldi na kabureta ndiyo kinga rahisi na bora, mradi lisiguse popote: hewa iliyo katikati hufanya kazi kubwa kuliko bati lenyewe. Chini ya kabureta huwekwa kipande kinene cha bekelaiti, na bomba la mafuta huhamishwa mbali na ekzosi.

Kuzungushia bomba utepe wa nyuzi za glasi kunapendeza macho, lakini utepe hushika maji na bomba huoza ndani yake. Manifoldi ya chuma cha kusubu ikifungwa hivyo hupata joto kupita kiasi na inaweza kupasuka. Kamba ya asbesto ya mafundi wa zamani haifai kuguswa. Vumbi lake huleta saratani.

Gasketi ya manifoldi inayovuja hushinda kinga zote.

Upepo

Wakati wa kusi, gari linaloelekea kaskazini kwa gia nzito mchangani huwa na upepo mgongoni, na joto la injini halina pa kutokea. Safari ya usiku ilikuwa dawa ya kale.

Nyaya

Nyaya za stata na koili huvikwa ala inayostahimili joto au husogezwa mbali na ekzosi.

Hali ya sasa

Land Cruiser za dizeli zimechukua sehemu kubwa ya kazi, na dizeli haichemki kirahisi. Magari ya zamani ya petroli hupata uangalizi zaidi katika East African Safari Classic Rally, iliyoanza 2003.