Chungu cha Usambara: kazi ya mikono isiyo na gurudumu

Msikilizaji, chungu cha maharage unachokikuta gulioni hapa Usambara hakikupita kwenye mashine. Ufinyanzi wa milima hii ni kazi ya wanawake, na binti huipata kwa mama au bibi yake. Huanza kwa kubeba udongo, kisha kusugua vyungu vya wakubwa, ndipo afinyange vyake vidogo. Wapo wanaoendelea nayo hadi uzeeni, wakiiweka kando msimu wa shamba.

Ni kazi ya kale. Wanaakiolojia wamekuta Usambara na Upare vyungu vya aina waliyoiita Kwale, vya karne za mwanzo baada ya Kristo.

Udongo hutwangwa, huchambuliwa mawe na mizizi, kisha hukandwa. Chungu cha kupikia kinahitaji chembechembe za mchanga ndani yake, maana ndizo zinazokisaidia kuhimili moto bila kupasuka. Kuta huinuliwa kwa mkono, kipande juu ya kipande. Husawazishwa kwa gunzi la mahindi au kipande cha kibuyu, na kung'arishwa kwa kokoto laini. Mgongo ndio unaoumia.

Halafu chungu hukaushwa kivulini siku nyingi, na wakati wa ukungu na masika huchelewa zaidi. Unyevu ukibaki ndani hugeuka mvuke motoni, nacho hupasuka kwa kishindo. Hakuna tanuri: vyungu hupangwa chini, hufunikwa kuni na nyasi kavu, huwashwa. Kazi ya wiki mbili inaweza kuwa magae ndani ya saa moja, na hasara ni ya mfinyanzi peke yake. Kuni nazo si za kukata popote, kwani misitu kama Magamba ni hifadhi. Sufuria ya alumini haina mashaka hayo, na mabinti wanaliona hilo. Kwa hiyo mimi bei ya chungu siipunguzi sana.

Ukinunua, kigonge kwa kifundo cha kidole. Kizima hulia kama kengele. Chenye ufa hutoa sauti butu. Nyumbani pika kwanza uji mwepesi, wanga uzibe vitundu. Mtungi wa maji usiuzibe hivyo: maji yanayopenya vitundu na kukauka nje ndiyo yanayoupoza.