Mafundi wa Vugiri: Mwanzo wa Ufundi wa Filamu katika Afrika ya Mashariki

Historia ya sinema katika nchi zetu huelezwa aghalabu kwa kuwataja waigizaji na visa walivyoigiza. Wasimamao nyuma ya kamera hawasemwi sana, na hali filamu ni kazi ya kundi: mmoja hupiga picha, mwingine hunasa sauti, yuko wa kutazama mwanga, yuko na wa kuukata utepe vipande na kuuunganisha upya. Basi inafaa tuulize: Mwafrika alianza lini kufunzwa kazi hizo, naye alifunzwa zipi?

Hapana budi tuanzie Vugiri, katika milima ya Usambara. Huko ndiko yalikokuwa makao ya Bantu Educational Kinema Experiment, mradi wa filamu za elimu uliodumu tangu 1935 hadi 1937. Sehemu kubwa ya fedha ilitolewa na Shirika la Carnegie la Marekani. Mradi uliongozwa na L. A. Notcutt, aliyepata kusimamia mashamba ya mkonge, pamoja na G. C. Latham, aliyekuwa mkurugenzi wa elimu ya Waafrika katika Rhodesia ya Kaskazini. Zilitengenezwa filamu 35, juu ya kilimo, maradhi, kodi, akiba ya posta na mengineyo. Zilizosalia ni chache mno. Mojawapo yaonyesha mashamba ya wakulima wa Kingolwira, karibu na Morogoro.

Utepe uliotumika ulikuwa wa milimita 16, nao haukubeba sauti. Sauti ilirekodiwa mbali, katika sahani za santuri, ili filamu ile ile iweze kusema Kiswahili mahali pamoja, na mahali pengine Kiganda, Kinyanja au Kibemba. Hapo ndipo ulipokuwapo ugumu wa kazi. Mwonyeshaji alipaswa kuiweka sindano penye alama ya kuanzia, na utepe nao uwe umesimama penye alama yake, kisha aviondoe vyote viwili kwa pamoja. Utepe ukikatika, na picha kadhaa zikapotea katika kuunganishwa, tangu hapo picha hutangulia na sauti hufuata nyuma: mtazamaji aona jembe huku asikia habari za mbegu. Dawa yake ni kutia vipande vitupu, kwa hesabu ile ile ya picha zilizopotea. Tukumbuke kuwa kwa mwendo wa kawaida wa sinema ya sauti, picha 24 hupita katika sekunde moja, na utepe wa futi 100 haufiki dakika 3.

Hesabu hiyo ilimhusu na mtu wa lugha, jambo ambalo sisi walimu twapaswa kulitazama sana. Ikiwa picha ya mnyoo wa safura yakaa sekunde sita, basi sentensi ya kuieleza sharti ikome katika sekunde hizo sita, na maneno ya Kiingereza yakigeuzwa Kiswahili hayawi na urefu ule ule. Mfasiri hana ruhusa ya kuurefusha utepe. Atapunguza, atabadili mpango wa maneno, au atachagua tamko lililo fupi, na bado msikilizaji wa kijijini aelewe. Kwangu mimi huo ni ufundi kamili wa filamu, sawa na wa kushika kamera.

Waafrika wa Vugiri waliigiza, walisoma masimulizi, na walifanya kazi katika maabara ya kusafishia filamu. Lakini uamuzi wa filamu gani itengenezwe, na ya kusema nini, ulibaki mikononi mwa Wazungu. Mradi ulipofungwa 1937, mikono iliyokwisha kuzoea kazi ikakosa kazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Rashidi Kawawa, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika, aliigiza katika Muhogo Mchungu. Hata hivyo watengenezaji walikuwa kampuni kutoka Afrika ya Kusini. Uso ulikuwa wetu, kamera ya wengine.

Upande wa magharibi wa bara mambo yalikwenda njia nyingine. Mwaka 1948 kitengo cha filamu za makoloni, kilichoanzishwa London mwaka 1939, kilifungua shule mjini Accra, wanafunzi wake wakiwa vijana wachache wa Gold Coast na Nigeria. Hao hawakupewa kipande kimoja cha kazi na kuachwa hapo. Walifunzwa kwa vitendo, tangu kupiga picha hadi kuhariri. Mafunzo yenyewe yalikusudiwa kutumikia serikali ya kikoloni, wala hatuna sababu ya kuyapamba. Hata hivyo mmoja wao, Sam Aryetey, alitengeneza No Tears for Ananse mwaka 1968 na baadaye akaliongoza shirika la filamu la Ghana. Mwenzake, Adamu Halilu wa Nigeria, alikichukua kitabu cha Abubakar Tafawa Balewa, Shaihu Umar, akakifanya filamu mwaka 1976, na wahusika wake wakazungumza Kihausa.