Isolo na Vitabu vya Michezo ya Kompyuta

Katika mwaka wa 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingizwa nchini kwa kompyuta. Haikufanya hivyo kwa kuchukia elimu: hesabu za Serikali zilizokabidhiwa mtambo wa namna hiyo zilikuwa zimevurugika, na fedha za kigeni zilikuwa haba. Lakini Januari 1975 Altair 8800 ilitangazwa Marekani, na mwaka 1981 Sinclair akatoa ZX81 huko Uingereza kwa bei isiyofika paundi 70. Watoto wa huko wakawa wananakili programu za BASIC kutoka vitabuni, mstari kwa mstari, nao wenzao wa Isaka, penye reli iendayo Mwanza, wamefungiwa mlango kwa sheria.

Ajabu ni hii. Kitabu cha David Ahl cha mwaka 1978, kilichouzwa nakala zaidi ya milioni, kimo ndani yake mchezo uitwao Awari: mashimo kumi na mawili, kete 36, na ghala mbili. Ni jamaa ya bao, ambalo Wasukuma wana la kwao liitwalo isolo. Mchezaji wa isolo hupanda kete moja moja, huangalia shimo la mwisho lina nini, kisha huendelea au hukoma. Programu ya Awari nayo hupanda kete moja moja na kuangalia shimo la mwisho, na kwa maoni yangu mzee wa Kisukuma angaliitambua upesi kuliko mtoto wa London.

Marufuku yalilegezwa kidogo kidogo, yakakoma katika miaka ya 1990. Wakati huo programu zilikuwa zikiuzwa tayari zimekwisha andikwa, na vitabu vya kunakili vimekwisha pitwa.