Herufi Peku, Si Herufi Zisizo na Mikia

Mwongozo wa uchapaji uliotufikia Ifakara hivi karibuni, kazi ya kamati ambayo sitaitaja, unatutaka tuziite herufi za jamii ya Futura "herufi zisizo na mikia". Napinga. Mkia wa herufi anaujua hata mtoto wa darasa la kwanza: ni ule unaoshuka chini ya mstari katika g, j na y. Futura, aliyoisanifu Paul Renner na kutolewa Frankfurt mwaka 1927, ina mikia yote mitatu. Kilichokosekana ni kile kistari kinachokingama mwishoni mwa mguu wa herufi, yaani kiatu chake. Na asiye na kiatu, Kiswahili kimekwisha kumpa jina: yuko peku.

Nimeambiwa, kwa sauti ya dharau, kwamba peku ni neno la mtaani. Hebu tutazame wenzetu walivyofanya. William Caslon wa Nne alipotoa herufi hizi kwa mara ya kwanza London, mwaka 1816, aliziita "za Kimisri", ingawa hazikutoka Misri. Baadaye Waingereza wakaazima "sans" ya Kifaransa, yaani bila, wakaibandika kwenye "serifu", neno ambalo wengi hulihusisha na neno la Kiholanzi la mstari wa kalamu. Viraka vitupu! Mpinzani wangu mwingine, msomi wa kujitangaza, anapendekeza "herufi bila kingo". Amesahau kwamba herufi ni harf ya Kiarabu, na harf ni ukingo pia. Pendekezo lake basi ni ukingo bila ukingo, naye analitetea kwa kurasa nyingi.

Kwa zile zenye umbo la bikari nasema herufi peku duara. Jina IFAKARA halitakuonyesha duara hilo, kwa kuwa lina mistari iliyonyooka tupu, isipokuwa R. Andika KILOMBERO. Katika Futura, O zake mbili zinatanuka karibu kuwa duara kamili, huku L na E zikibanwa zikawa nyembamba, kwa vipimo ambavyo Renner alivirithi kwa maandishi ya mawe ya Roma. Ndiyo maana neno "pana" peke yake, ambalo kamati imelitumia ovyo, halitoshi: upana wa herufi hizi haulingani.

Kuhusu matumizi: zinafaa vichwa vya habari na mabango, si maandishi madogo, kwani a yake ni duara lenye kijiti, na kwa mbali chama husomeka choma, kuaga kukawa kuoga.

Wahariri na wachora mabango wa bonde la Kilombero, msiungoje mwongozo wa pili. Andikeni herufi peku tangu leo.