Pombe Inapokawia Kuiva

Katika vitongoji vya Dar es Salaam, kuanzia Manzese hadi Temeke na Mbagala, pombe za kienyeji zimelipia sare za shule, nauli za wanafunzi wa bweni na dawa za wagonjwa. Kwa hiyo pombe ikigoma kuchachuka, si kinywaji tu kinachopotea. Ni mtaji wa mama mmoja, aghalabu mtaji wake wote. Sina nia ya kusifu ulevi, ambao umevunja nyumba nyingi. Nataka kuzungumzia elimu iliyomo ndani ya dumu, ambayo sisi walimu hatukuiandika popote.

Elimu hiyo ni ya zamani. Wachagga huita ulezi mbege, na jina hilo hilo wakakipa kinywaji chao. Ndizi mbivu huchemshwa kwa saa nyingi na kuachwa siku kadhaa zichachuke. Huchujwa, kisha maji yake huchanganywa na uji wa kimea cha ulezi uliotiwa gome la msesewe ili kuleta uchungu. Wahaya wana rubisi ya ndizi na mtama. Nyanda za juu za Iringa kuna ulanzi, ambao hugemwa kwenye mianzi, na huko pia hupikwa komoni. Watu wa makabila haya yote walipohamia Dar es Salaam kutafuta kazi, walikuja na ujuzi wao. Hapa wakakuta joto la pwani, ambalo huharakisha kazi ya chachu na pia huharakisha uharibifu. Iliwabidi wajifunze upya.

Serikali ya kikoloni haikuwaona kuwa wajuzi. Mjini, kupika pombe bila kibali lilikuwa kosa, na uuzaji ulifungiwa kwenye vilabu vilivyoruhusiwa. Mwaka 1933 kampuni ya Tanganyika Breweries ilianzishwa hapa Dar es Salaam kutengeneza bia ya chupa. Kiwandani kulikuwa na vipimajoto na watu waliosomea kazi hiyo. Uani kwa mama mpika pombe palikuwa na kidole cha kupimia joto, ulimi wa kuonjea, na sikio la kusikiliza kama pombe inachemka.

Nitatoa mfano mmoja. Katikati ya miaka ya 1980, wakati mshahara wa mwalimu ulikuwa hauvuki nusu ya mwezi, jirani yetu mmoja wa Temeke alipika komoni wakati wa masika. Siku ya kwanza ikapita, ya pili ikapita, pombe imetulia kama maji ya mtungi. Fedha ile ilikuwa nauli ya kijana wake aliyetakiwa kurudi shuleni Tabora. Maneno yakaanza. Ilisemwa kwamba wifi yake, binti mjamzito aliyekuwa akiishi pale, alichungulia dumu, na kwamba ana mkono mzito. Yule binti alikuwa amekwisha kufunga kanga zake aondoke.

Akaitwa bibi mmoja kutoka Iringa, mpishi wa siku nyingi. Hakuuliza nani kachungulia. Alichovya kidole akaonja, akanyamaza, akaonja tena.

"Mwanangu, hii haina utamu. Kimea ulikianika wapi?"

"Jua halikuwapo, bibi. Nilikikausha kwenye karai, juu ya mkaa."

"Basi ulikikaanga. Kimea kimekufa. Mwache huyo mtoto wa watu akae."

Akaagiza kimea kizuri kwa mpishi mwenzake. Wakaupasha uji ule hadi kidole kiweze kuvumilia, wakakoroga kimea na kuongeza machicha ya pombe iliyokuwa hai. Kesho yake asubuhi povu lilikuwa limepanda. Kijana alisafiri, na yule wifi akajifungua katika nyumba ile ile.

Tutazame alichofanya yule bibi. Nafaka inapochipua hutengeneza vimeng'enya, ambavyo hugeuza wanga kuwa sukari. Chachu nayo hula sukari na kutoa kileo na hewa ya ukaa, ndiyo yale mapovu. Moto mkali huua vyote viwili. Pombe iliyokawia ikiwa na ladha ya uji mtupu, kosa liko kwenye kimea. Ikiwa tamu lakini imetulia, sukari ipo ila chachu imelala au ni haba. Basi dumu lifunikwe blanketi, hasa usiku wa kipupwe mwezi Julai, na litiwe machicha mapya. Ikiwa chungu ya ukakasi, haina utamu wala povu, bakteria wa asidi wametangulia mezani, na hapo hakuna dawa. Kuna pia jambo la chombo. Mtungi wa udongo hubaki na chachu katika vitundu vyake; dumu la plastiki lililosuguliwa kwa sabuni halibaki na kitu. Wengi waliohama kutoka mtungi kwenda dumu walisumbuka hadi walipozoea kuweka akiba ya machicha.

Sasa linganisha na Ulaya. Mwaka 1856, mjini Lille, Ufaransa, mwenye kiwanda cha kutengeneza alkoholi kutokana na mabiti alimwendea Louis Pasteur kwa sababu mapipa yake yalikuwa yakiharibika. Pasteur alitazama kwa hadubini, akaona kwamba pipa zima na pipa bovu hazikuwa na viumbe vya aina moja. Mwaka 1876 alitoa kitabu kizima juu ya bia. Mwaka 1883 Emil Christian Hansen, katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, alifaulu kukuza chachu safi ya aina moja. Mwaka 1897 Eduard Buchner alionyesha kwamba hata maji yaliyokamuliwa kutoka kwenye chachu iliyosagwa huchachusha sukari, na mwaka 1907 akapewa Tuzo ya Nobel ya kemia.

Swali la mwenye mapipa wa Lille na la mama wa Temeke lilikuwa moja: kwa nini hili linakwenda na lile halikwenda? Tofauti ni kwamba la kwanza lilipelekwa maabara likaandikwa, na la pili lilipelekwa kwa mganga au polisi. Mihtasari ya sayansi tuliyoirithi ilimtaja Pasteur, ikamwacha bibi wa Iringa.

Hasara ya kutoandika si ya heshima peke yake. Mahali ambapo sababu haijulikani, hutafutwa mtu wa kulaumiwa, na mara nyingi huwa ni mwanamke asiye na mtetezi. Walimu wanaotutangulia sasa kwa nguvu na vifaa wangefanya vyema kuwatuma wanafunzi wakawaulize bibi zao, wakiwa na kalamu mkononi, kabla mitungi ya mwisho haijavunjika.